Ndugu yako akirudi kutoka kwenye nyambizi, msiba asiusome kwenye simu

Hapa Moshi familia zenye kijana kwenye jeshi la majini la Marekani zipo, sio nyingi ila zipo. Mtoto aliondoka na wazazi akiwa mdogo, akapata uraia kule, akajiunga, alafu siku moja mnaambiwa yuko kwenye nyambizi. Mdogo wangu ndo huyo. Kambi yao iko Groton, jimbo la Connecticut, kwenye mto unaoitwa Thames, na mi nimebahatika kwenda kukaa na wifi yangu kipindi chombo kinarudi, kwahiyo ninayoyaandika nimeyaona.

Nataka niongelee habari za nyumbani, hasa msiba, zinamfikiaje mtu aliyeko chini ya maji na mnampokeaje akitoka. Hili tusipolipanga tunaumiza watu wetu.

Nyambizi ikiwa chini hakuna simu, hakuna WhatsApp. Zile kubwa za kubeba makombora ya nyuklia, kama za kambi ya Kings Bay kule Georgia, kazi yake ni kujificha tu, inapokea ujumbe lakini yenyewe haitumi, na zina makundi mawili ya mabaharia wanaoitwa Bluu na Dhahabu, kundi moja likirudi lingine linakabidhiwa chombo. Za Groton ni za mashambulizi, wakitoka wanakaa kama miezi sita, imeili zinaingia kwa mafungu chombo kikipata nafasi, alafu kimya, unaweza kuandika kila siku na usijibiwe wiki kadhaa na hiyo haimaanishi kuna tatizo wala kwamba amewasahau. Mama yangu ilimchukua muda kulikubali hilo na simlaumu, mtu yeyote aliyesikia habari za Kursk ya Urusi mwaka 2000, watu 118, au ile ya Argentina San Juan mwaka 2017, watu 44, lazima ukimya umuogopeshe.

Sasa kitu ambacho ndugu wengi hawakijui, habari mbaya haiendi moja kwa moja kwa baharia. Hata imeili zinaweza kupitiwa na mtu mwingine kabla hajapewa. Kwa msiba au ugonjwa mkubwa njia yenyewe ni Msalaba Mwekundu wa Marekani, familia inatoa taarifa, wao wanahakikisha na hospitali au wanaohusika na mazishi, alafu wanapeleka kwa wakubwa wa chombo, na ni kamanda anaamua aambiwe lini na vipi. Waingereza wenye nyambizi zao Faslane, Scotland, ambao toka mwaka 1969 hawajawahi kukosa chombo kimoja baharini, nao wana utaratibu wao, familia inatuma ujumbe mfupi wa maneno machache kwa wiki, unakaguliwa, na baharia hawezi kujibu.

Watu wakisikia hivi wanaona ni ukatili, baba wa watu amefariki mtoto afichwe? Mi nimeishia kuona ni huruma. Fikiria mtu yuko kwenye bomba la chuma lenye urefu wa mita kama 115, na wenzake kama 130, wengine wanapokezana vitanda watu watatu vitanda viwili, hakuna dirisha, hawezi kutoka akatembea, hawezi kumpigia mama yake, na zamu inamsubiri. Umwambie bibi amefariki alafu afanye nini nayo?

Bibi yetu wa Kibosho alifariki mdogo wangu akiwa huko chini. Yeye kabla hajaondoka alishatuambia kabisa, likitokea la bibi nisubirini nifike nchi kavu, aniambie mke wangu. Tukakubaliana, wifi akajiandaa. Lakini ukoo ni mkubwa, kuna ndugu wakaandika pole kwenye ukurasa wake wa Facebook na picha ya jeneza, wengine wakamtumia WhatsApp moja moja, kwa nia njema kabisa. Siku wanarudi simu yake ikashika mtandao kabla hata hajashuka kwenye chombo, kwahiyo alisoma "pole sana kwa kumpoteza bibi" akiwa bado ndani, huku mkewe na watoto wako gatini wanampungia na bendera mkononi. Alishuka akicheka kwa ajili ya watoto. Wifi anasema ile cheko hataisahau.

Kwahiyo ushauri wangu wa kwanza, kabla hajaondoka muulizeni. Sio kwa kuzunguka, muulizeni, tukipata msiba unataka ujulishwe hukohuko au ukirudi, na nani akwambie? Sisi Wachaga tunaogopa kuongea kifo kabla hakijaja, naelewa, ila hili liongeeni tu. Alafu mchagueni mtu mmoja wa huku na mmoja wa kule, na ukoo wote uambiwe kwamba hakuna kuposti wala kumtumia chochote mpaka hao wawili waseme tayari. Anayetoa taarifa Msalaba Mwekundu awe na jina kamili la baharia, tarehe ya kuzaliwa, cheo na jina la chombo, viandikwe mapema mahali pamoja. Na kwenye kila chombo kuna mtu wa kujitolea, mara nyingi mke wa baharia, anayeteuliwa na kamanda awe kiungo na familia, wanamuita ombudsmani, wifi wenu anamjua, msijaribu kumpita.

Tarehe ya kurudi pia msiposti. Hata wake zao wanaambiwa kwa siri na bado inabadilika, na kutangaza safari za chombo cha kivita ni hatari kwa hao hao mnaowapenda.

Siku yenyewe ya kurudi ni nzuri jamani. Chombo kinapanda mto taratibu kimevishwa shada kubwa la maua, na kuna mila ya busu la kwanza, tiketi zinachezeshwa bahati nasibu na atakayeshinda anashuka kumbusu mwenza wake mbele ya watu wote, na mara nyingi baba ambao watoto wamezaliwa wakiwa baharini nao wanatangulizwa. Nililia kwa watoto wa wenzangu. Na nguo zao zinanuka, harufu ya dizeli, mafuta ya kupikia na ile kemikali ya kusafisha hewa inayoitwa amine, imeingia mpaka kwenye begi, wake zao wanazifulia gereji, usishangae wala usimwambie ananuka.

Akija huku nyumbani Desemba mtu anashuka KIA saa hizo usingizi wake haujakaa sawa, miezi hajaona jua, na sisi tumeshapanga, mbuzi kafungwa, mtori, mbege, wazee kwenye viti, na kila mmoja ana la kwake, ada ya shule, shamba lina kesi, fulani alifariki, fulani kaachana na mkewe. Msifanye hivyo. Siku mbili tatu za mwanzo awe na mama yake na mkewe na watoto tu. Waliofariki wakati hayupo aambiwe na yule mtu mmoja, taratibu, mmoja mmoja, na makaburini apelekwe kabla ya sherehe na sio baada, maana kwake ule msiba bado ni wa leo hata kama nyinyi mlishaanua matanga. Ya hela yasubiri kabisa. Na msimuulize walikuwa wapi, haruhusiwi kusema, mkimbana mnamlazimisha ama awadanganye ama awanyamazie.

Leo hii huyo msemaji wenu wa huku mpeni namba ya wifi na mwambieni Connecticut wako nyuma yetu saa 7, kuanzia Novemba mpaka Machi ni saa 8, ukipiga saa 2 asubuhi ya Moshi unamwamsha usiku wa manane na mwanamke mwenye mume baharini simu ya usiku hiyo kabla hajaipokea roho inakuwa imeshamtoka, kwahiyo pigeni jioni yetu.