Koili moja ikifa, usikimbilie kununua nne

Gari likianza kutetemeka kwenye foleni, likakosa nguvu mlimani na taa ya injini ikawaka, mafundi wengi watakwambia ubadilishe koili zote. Msikilize, mshukuru, kisha mwombe spana namba 10.

Mimi naendesha Toyota IST yenye injini ya 1NZ, ya CC 1,500. Kila silinda kati ya zile nne ina koili yake juu ya plagi, imefungwa kwa bolti moja tu. Kazi yake ni kuzipandisha volti 12 za betri hadi maelfu kwa maelfu ili plagi itoe cheche. Gari lilipopimwa kwa mashine lilitoa kodi P0302, yaani silinda ya pili haichomi vizuri. Kodi hiyo haijasema koili imekufa. Inaweza kuwa plagi, nozo inayopuliza petroli, hata waya uliolegea.

Basi injini ikiwa imezimwa, koili ya silinda ya 2 tukaipeleka ya 3, na ya 3 ikaja 2. (Unahesabu kuanzia upande wa mkanda.) Tukafuta kodi, tukazunguka kidogo mtaani. Taa ilipowaka tena, mashine ikasoma P0303. Tatizo limehama na koili, hapo hakuna tena ubishi.

Ila kabla ya kufunga nyingine, chungulia shimo la plagi. Langu lilikuwa na oili, gasketi ya tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini) imechoka. Oili hiyo hulainisha mpira wa koili mpaka umeme unavuja. Ukifunga koili mpya humo, utarudi gereji tu.

Gharama zangu, Dar es Salaam: kupima 20,000, koili moja ya Denso, mtumba wa Japani, 40,000 pale mtaa wa maduka ya spea, Gerezani, plagi nne 32,000, maana hizo huchakaa pamoja na ni vizuri zibadilishwe pamoja, gasketi 20,000, ufundi 15,000. Jumla 127,000. Koili nne peke yake zingekula 160,000 na oili ingebaki palepale. Mpya orijino ilikuwa zaidi ya laki kwa moja. Zilikuwepo pia "mpya" za 25,000 kwenye boksi la kupendeza, sikuzigusa. Kwangu mtumba orijino ni bora kuliko feki mpya.

Taa ikianza kupepesa badala ya kuwaka tu, usiendelee na safari. Petroli isiyoungua inaingia kwenye masega, yale yanayosafisha moshi ndani ya ekzosi, na kuyaunguza, na bei ya masega utaisikia ukiwa umekaa.

Dukani nenda na koili yako mkononi. Ya 1NZ huwa na namba 90919-02240; linganisha namba, kisha hesabu pini za soketi, ziwe nne. Patana na muuzaji uifunge na kuwasha gari kabla ya kulipa. Akikataa, maduka Gerezani yamepangana.