Maswali ya wasomaji: Stejini mpaka kwenye riwaya

SWALI: Dada shikamoo. Nasikia kabla ya riwaya ulikuwa mwigizaji wa jukwaani. Kwa nini uliacha, na kuna chochote ulichotoka nacho huko?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Niliacha kwa sababu ya vitabu. Nilikuwa nakaa nyuma ya pazia nikisubiri zamu yangu huku nasoma, sasa usiku mmoja mwenzangu akarudia maneno yake mara mbili ananingoja niingie, mi nimezama kwenye ukurasa wala simsikii. Nikajua moyo wangu ushahama.

Ila nilichotoka nacho ni kikubwa mno. Kuna mchezo nilipewa nafasi ya mtumishi wa ndani, maneno yangu yote ni matatu tu, "Chai iko tayari." Wiki nzima mwongozaji ananiuliza, kabla hujafika mlangoni ulikuwa wapi, jikoni umeambiwa nini, humu ndani unataka nini? Nilikasirika kwa kweli, yaani maneno matatu ndo tusumbuane hivi! Halafu siku moja nikaamua huyu dada anataka kuomba ruhusa akamwone mwanawe mgonjwa na hathubutu, basi nilivyoingia na sinia vikombe vikaanza kugongana vyenyewe na ukumbi mzima kimya. Sikuongeza neno. Baadaye nikajua swali lile, mhusika anataka nini, ndilo Konstantin Stanislavski, mwongozaji wa michezo ya jukwaani wa Urusi (1863–1938), aliwafundisha waigizaji wake, na mpaka leo siandiki mtu hata wa kupita njia bila kujiuliza.

SWALI: Wahusika wangu wakiongea ni kama wanahutubiana. Nifanyeje?

JIBU: Simama usome kwa sauti, usisome kimoyomoyo. Charles Dickens, yule mwandishi wa riwaya wa Uingereza, mwaka 1832 alipata nafasi ya kujaribiwa uigizaji kwenye ukumbi wa Covent Garden kule London, siku ilipofika akawa mgonjwa hakwenda, lakini uigizaji haukumtoka. Binti yake Mamie alisimulia alivyomwona baba yake akiandika, mara anaruka anakimbilia kioo, anakunja uso hivi na hivi, anarudi mezani kuandika mbio mbio. Mimi hiyo habari naipenda sana, maana inaonyesha maneno yanaanzia mwilini.

Kingine, watu hatujibu tunachoulizwa. Mume anauliza "Umekula?" mke anasema "Mlango uliuacha wazi." Hapo msomaji ashajua kuna jambo. Wewe ukimwandikia mke "Nimekukasirikia kwa sababu jana ulichelewa" umeshamaliza kila kitu. Ila kuwa makini, stejini mwigizaji anakukopesha uso wake, kwenye riwaya hakuna wa kukukopesha, kwa hiyo ule mkono unaokunja shati moja mara tatu lazima uuandike wewe.

SWALI: Nasoma vitabu vingi lakini uandishi wangu haubadiliki.

JIBU: Punguza idadi, kimoja kirudie. Mara ya kwanza kaa kama mtazamaji, lia, cheka, usichunguze kitu. Mara ya pili ingia nyuma ya pazia, chukua sura moja iliyokuliza, utafute ni sentensi gani hasa machozi yalianzia, halafu rudi kurasa kumi nyuma uone mwandishi alianza kukuandaa wapi. Mimi mara nyingi nakuta ni kitu kidogo, kofia tu imetundikwa mlangoni, nami nilikipita bila hata kukiangalia.