Saa nane za mama

Mhariri, mmeuliza: ndugu yako wa mbali kabisa yuko kilomita ngapi, na kwa ndege ni saa ngapi? Wangu ni mdogo wangu aliyeko New York. Mimi na mama tuko Nairobi. Kilomita ni 11,800 na ushei, hizo hazina ubishi. Saa ndizo zilizotukosanisha na mama.

Aliondoka mwezi wa Agosti kwa ndege ya moja kwa moja ya Kenya Airways, safari iliyoanzishwa Oktoba 28, 2018. Iliruka saa tano na nusu usiku. Kesho yake mama anakusanya sahani za mchana, simu ikalia: "Nimefika salama, huku ni saa moja na nusu asubuhi." Mama akaweka sahani chini, akaanza kukunja vidole. "Saa nane tu! Si sawa na basi la Mombasa?"

Nikamwambia, mama, tazama saa ya ukutani. Akatazama: saa nane na nusu mchana. "Si ndiyo hiyo hapo, nane!"

Hapo nikachoka. Ukweli ni kwamba kijana alikaa angani saa 15, ila saa za New York ziko nyuma ya zetu kwa saa saba, na Novemba wakirudisha mishale huwa nane. Akirudi atazilipa: akiondoka kule saa sita na nusu mchana, atatua hapa saa tatu na nusu asubuhi ya pili yake. Kwa vidole vya mama hizo ni saa 21, na angani amekaa 14 tu.

Hiyo saa moja inayopungua ni kazi ya upepo. Juu kabisa, hasa kwenye Atlantiki ya kaskazini, upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Anayekwenda Marekani unampiga usoni, anayerudi unamsukuma mgongoni.

Njia yenyewe nayo ilinishangaza. Ukiweka rula kwenye ramani ya ukutani, mstari unatoka Afrika kupitia Mauritania. Nilichukua tufe la shule la mwanangu na uzi wa cherehani, nikauvuta ukakaza: ukapita Sahara, ukatokea Moroko, na nusu ya safari ikaangukia karibu kabisa na Marrakech. Uzi ulikuwa sentimita 28. Mzingo wa tufe lenyewe ni 94 na wa dunia ni kilomita 40,000 hivi, kwa hiyo napata kama 11,900. Kwa uzi wa cherehani, si haba. (Rubani hafuati uzi, ana hali ya hewa na anga za watu za kukwepa.)

Basi andikeni: kwenda saa 15, kurudi 14. Mkimpigia mama kuhakikisha, atawaambia nane.