Mtoto ana usonji na mnahamia Dallas: usisaini nyumba kabla hujaliona darasa

Dada uliyeuliza, umesema mnatoka Minnesota mnakuja maeneo ya Dallas, Texas, kijana ana miaka 6, ana usonji, IEP (ule mpango wa maandishi wa huduma zake za elimu maalum) anayo tayari, na shemeji anataka wilaya ya shule yenye maksi 10 kwa 10 kwenye zile tovuti za nyumba. Sisi tulifanya hivohivo 2019. Tukachukua mkopo wa miaka 30, shule ipo dakika tano kwa miguu, tunafurahi, halafu siku ya kuandikisha ndo naambiwa darasa la watoto kama wangu pale halipo, lipo shule nyingine, atapanda basi dakika 40. Ile shule tuliyoinunulia nyumba mwanangu hajaisoma hata siku moja. Nililia kwenye gari.

Zile maksi kwa sehemu kubwa ni matokeo ya mitihani ya watoto wote, darasa la mwanao humo halimo. Piga simu ofisi ya elimu maalum ya wilaya, sio shuleni, wape anwani ya nyumba mnayoitaka uulize mtoto mwenye mpango kama wa kwako wanamweka shule gani, darasa lina watoto wangapi na wasaidizi wangapi, na mtaalamu wa kuongea yupo kweli au nafasi iko wazi. Kwetu ilikaa wazi miezi minne. Tulipohama, wilaya ya pili watu walikuwa wananiambia ni ya kawaida tu, lakini mama wa ofisini alinipigia mwenyewe, akanikaribisha kuona darasa, nikakuta watoto wanaongea kwa tableti za picha na msaidizi kakaa sakafuni na mtoto anayelia, hana haraka naye kabisa. Hapo moyo ulitulia.

Na historia ya Texas uijue. Kuanzia 2004 jimbo liliwawekea shule lengo kwamba wanafunzi wa elimu maalum wasizidi asilimia 8.5 ya wanafunzi wote, watoto wengi wakakosa huduma, gazeti la Houston Chronicle likaja kufichua 2016, lengo hilo likaondolewa 2017, na Januari 2018 serikali kuu ikasema sheria ilivunjwa. Kwa hiyo ukiambiwa "tusubiri kwanza tumuone" usiishie kuongea, andika imeili. Ukiomba tathmini kwa maandishi wana siku 15 za shule kukujibu, na ukishasaini ridhaa wana siku 45 za shule kuimaliza. Wa kwako anakuja na IEP, wanatakiwa wampe huduma zinazolingana na alizokuwa nazo mpaka wapange ya kwao, ila beba nakala mkononi, usingoje shule zitumiane.

Kikao cha wazazi na shule cha kupanga IEP hapa wanakiita ARD. Mkiona Kiingereza cha mle ndani kinawapita ombeni mkalimani wa Kiswahili, ni haki yenu na hamlipi, mimi niliona aibu nikasaini vitu sijavielewa. Halafu kwa mtoto wa usonji Texas ina mambo 11 ambayo kikao lazima kiyajadili, yakiwemo mafunzo ya nyumbani na mafunzo ya mzazi, na mimi nilikuja kuyasikia mwaka wa pili kutoka kwa mama mwenzangu.

Pangeni apatimenti mwaka mmoja kwanza, nyumba baadaye. Na siku ya kwenda kuona darasa nenda na shemeji, aone kwa macho yake.