Walikuwa Baraza Moja la Mawaziri

Swali lenu la wiki hii limeuliza: "Jeshi likipelekwa nchi ya nje kisha mambo yakaharibika, lawama iende kwa serikali iliyolipeleka au kwa ile iliyolirithi?" Mimi ni mzaliwa wa Lamu. Swali hili tumekuwa tukilijibu barazani tangu KDF, Jeshi la Ulinzi la Kenya, walipovuka mpaka kuingia Somalia tarehe 16 Oktoba 2011, na mara nyingi ukijua mtu alimpigia nani kura, jibu lake umeshalijua. Kwa hiyo naomba nianze na majina.

Oktoba ile Rais alikuwa Mwai Kibaki. Waziri Mkuu alikuwa Raila Odinga, ambaye mwezi uliofuata alikwenda Israel kutafuta msaada wa kupambana na al-Shabaab. Makamu wa Rais alikuwa Kalonzo Musyoka. Wizara ya Mambo ya Nje ilikuwa ya Moses Wetang'ula. Wizara ya Fedha ilikuwa ya Uhuru Kenyatta. Haikutimia miaka mitatu, Uhuru akiwa sasa ndiye Rais, Raila, Kalonzo na Wetang'ula wakawa vinara wa CORD, muungano wa upinzani, na kudai wanajeshi warudishwe nyumbani mara moja. Huku kwetu wafuasi wa Jubilee, muungano wa Uhuru, wakawaita wasaliti. Wa CORD wakajibu kwamba damu inayomwagika ni ya Jubilee. Na wote walikuwa baraza moja la mawaziri!

Sisemi mtu asibadili mawazo. Sababu za 2011 zilikuwepo, na sisi wa Lamu zilitupata mwanzo. Septemba mtalii Mwingereza aliuawa Kiwayu na mkewe akachukuliwa. Tarehe 1 Oktoba mama Mfaransa, mgonjwa wa kiti cha magurudumu, alitekwa Manda, akafia mikononi mwa watekaji huko Somalia. Wageni walikimbia, vijana wa mashua wakakaa bila kazi. Jeshi lilipoingia Somalia nilifurahi, na silifichi hilo. Lakini mwenye kubadili mawazo husema: nilikuwepo, niliunga mkono, na jambo fulani sikuliona. Maneno hayo sijayasikia kwa upande wowote.

Gharama tuliilipa Mpeketoni, mji wa hapa hapa Lamu. Usiku wa tarehe 15 Juni 2014 watu walikuwa wakitazama Kombe la Dunia. Washambuliaji waliingia mjini wakaua, na usiku wa pili wakarudi katika vijiji vya jirani. Waliokufa walipita 60. Al-Shabaab walisema ni wao, na kwamba wanalipiza KDF kuwa Somalia. Rais akatokea kwenye televisheni akasema si al-Shabaab, ni mitandao ya kisiasa ya hapa hapa. Ikawa hivyo. Maiti hazijazikwa zote, nchi nzima inabishana kama muuaji ni wa serikali au wa upinzani. Gavana wetu akakamatwa, kisha akaachiliwa kwa kukosekana ushahidi. Na swali ambalo kila mama wa Mpeketoni alikuwa nalo, kwamba polisi walikuwa wapi saa zote hizo, halikupata wa kulishika. IPOA, mamlaka inayosimamia polisi, ilichunguza ikakuta walichelewa na hawakuwa na mpango. Ripoti hiyo haikumfaa mwanasiasa yeyote, basi ikapita kimya.

Sisi tukabaki na kafyu, magharibi hadi alfajiri. Kuvua usiku nako kulikuwa marufuku. Ami yangu amevua usiku maisha yake yote. Mashua yake ilipigwa jua pwani hadi mbao zikaachana, naye hakuwahi kuuliza ni kosa la chama gani. Aliuliza marufuku itaondolewa lini.

Kisha ikaja El Adde, tarehe 15 Januari 2016. Kambi ya KDF ya huko, ndani ya Somalia, ilivamiwa alfajiri. Rais wa Somalia, Hassan Sheikh Mohamud, baadaye alisema waliouawa walikaribia 200. Serikali yetu hadi leo haijatoa idadi. Wapinzani walikuwa na haki ya kuidai, lakini walipoidai waliifunga pamoja na siasa za kuelekea uchaguzi wa 2017. Serikali ikapata upenyo wa kusema kwamba anayeuliza anatafuta kura. Na familia zilizouliza hazikuwa na mkutano wa hadhara wa kuulizia.

Basi jibu langu ni hili. Katiba, kifungu cha 240, inasema Baraza la Usalama wa Taifa linaweza kupeleka jeshi nje ya nchi kwa idhini ya Bunge. Mwaka 2011 mawaziri walitangaza Jumamosi, wanajeshi wakavuka Jumapili, wabunge wakaja kuhusishwa baadaye. Wabunge wa pande zote mbili walinyamaza, na ndiyo maana hakuna upande unaowataja: kulilaumu Bunge ni kumlaumu na mwenzako wa chama. Lawama yangu ya kwanza naipeleka hapo, kabla ya kwa Kibaki, kwa Raila au kwa Uhuru.

Na kama Bunge linataka kunijibu, lianze na El Adde. Kamati iketi, wa serikali na wa upinzani, na majina ya waliokufa yasomwe yote, moja moja, yaingie kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge.