Usingoje Aprili Kusajili Utafiti wa Kampuni Yako

Ndugu zangu mlioanzisha kampuni huku Australia, mwaka wa fedha ukifungwa tarehe 30 Juni, usajili wa kazi zenu za utafiti na uendelezaji, ule unaowawezesha kudai nafuu ya kodi ya serikali, uwe wa kwanza mezani. Sheria inawapa miezi 10, yaani hadi tarehe 30 Aprili, na wingi wa miezi hiyo ndio unaowaponza watu. Nashughulika na hesabu za kampuni changa hapa Melbourne, na nawahakikishia kwamba ombi la Julai na la Aprili hayafanani, hata kama kazi iliyofanyika ni ile ile.

Pesa yenyewe si ya kuchezea. Kampuni ambayo mauzo yake, pamoja na ya kampuni zinazohusiana nayo, hayafiki dola milioni 20, hupata nafuu ya kodi inayopigwa kwa matumizi yake ya utafiti, kwa asilimia sawa na kiwango chake cha kodi kuongeza asilimia 18.5. Kampuni nyingi ndogo hutozwa asilimia 25, kwa hiyo nafuu ni asilimia 43.5. Ukitumia dola 200,000 kwenye utafiti unaokubalika, hiyo ni dola 87,000, na kampuni iliyo kwenye hasara hurudishiwa kama fedha, ikiwa haina deni ATO, yaani mamlaka ya kodi ya Australia. Kwa kampuni changa hiyo ni mishahara. Lakini usipokuwa na namba ya usajili kutoka AusIndustry, kitengo cha serikali kinachosajili kazi hizi, huwezi kudai chochote kwenye ritani ya kodi. Usajili ukilala, na hela inalala.

Kinacholiwa na muda ni ushahidi. Fomu ya usajili inataka nadharia tete yako (dhana uliyotaka kuipima), jaribio ulilofanya, matokeo na ulichohitimisha. Inauliza ulitafuta majibu wapi kabla ya kuanza, na kwa nini mtaalamu wa fani hiyo asingeweza kulijua jibu bila kujaribu. Chukua kampuni inayotengeneza kihisi cha unyevu wa nafaka. Mwezi Julai mhandisi bado anakumbuka kwamba kihisi kilidanganya joto lilipopanda, akabadilisha ganda lake, akapima upya, na daftari lake lipo. Ikifika Aprili huenda ameshahamia Perth, na aliyebaki anaandika "tuliboresha kifaa". Hapo hakuna jaribio linaloonekana, na mkaguzi akija miaka miwili baadaye utamwonyesha nini? Kumbukumbu hizo zinatakiwa kutunzwa miaka 5.

Jambo linalowagusa wengi wetu ni kazi inayofanyika nyumbani Afrika Mashariki. Ukiwa na waandishi wa programu Nairobi au Dar es Salaam, gharama zao haziingii hivi hivi. Lazima uombe uamuzi maalumu kuhusu kazi ya nje, na ombi hilo mwisho wake ni siku ya mwisho ya mwaka ule ule ambao kazi inafanyika. Miezi 10 ya nyongeza haikuhusu. Tena unafuu wa mishahara peke yake hautoshi: uonyeshe kwamba kazi hiyo haiwezi kufanyika Australia, kwamba ina uhusiano mkubwa wa kisayansi na utafiti wako wa hapa, na kwamba jumla ya matumizi ya kazi ya huko ni ndogo kuliko ya utafiti unaohusiana nayo unaofanyika hapa. Kama mpango huo unao, anza kuuandika Januari.

Kuna mengine madogo. Matumizi yasiyofika dola 20,000 kwa kawaida hayakubaliki, ila kama umemlipa mtoa huduma za utafiti aliyesajiliwa. Ukiwa mfanyabiashara binafsi bila kampuni, mpango huu si wako. Kuingia kwenye tovuti ya maombi kunahitaji myID, kitambulisho cha kidijitali cha serikali, iliyounganishwa na kampuni, kwa hiyo mkurugenzi aliye safarini anaweza kukukwamisha. Na Aprili yenyewe mara nyingi ina Pasaka, halafu Siku ya Anzac tarehe 25.

Kuhusu washauri wanaoandaa maombi haya: wiki za mwisho wanakuwa wamezidiwa, na ni wakati huo watu husaini mkataba wa kumlipa mshauri asilimia ya nafuu bila kuusoma. Ukimtafuta Julai una nafasi ya kulinganisha bei, kuuliza ni nani hasa atakayezungumza na mhandisi wako, na kuhakikisha jina lake limo kwenye rejista ya Tax Practitioners Board, bodi inayosajili mawakala wa kodi, kabla hujamkabidhi hesabu zako.