Kabla Baba hajatia saini

SWALI: Baba yangu ana miaka 76, tunaishi naye hapa Coventry tangu atoke Mombasa. Siku hizi televisheni anaifungulia sauti mpaka jirani anagonga ukuta. Juzi kampuni moja ilimtuma kijana nyumbani, akampima sebuleni, akasema anahitaji vifaa viwili vya kusikia kwa pauni 3,200, na akitia saini siku hiyo hiyo atapunguziwa 400. Kadi yake imeandikwa “Audiologist”, yaani mtaalamu wa usikivu. Tena mwanangu wa miaka minne ana kigugumizi, na mama mmoja shuleni kanipa simu ya “speech coach”, mkufunzi wa kuzungumza. Nitajuaje kama watu hawa ni wa kweli?
– Binti Mombasa, Coventry

JIBU: Binti Mombasa, msalimie sana mzee. Kazi yangu ni hiyo hiyo, kupima masikio na kuuza vifaa, kwa hiyo unamuuliza muuza samaki habari za samaki. Nitakwambia tunavyokaguliwa.

Hilo neno kwenye kadi lisikutishe wala lisikutulize. Hapa Uingereza “audiologist” si jina linalolindwa na sheria. Hata wewe unaweza kulichapisha kwenye kadi kesho. Linalolindwa ni “hearing aid dispenser”, yaani mpimaji na muuzaji wa vifaa vya kusikia, na tangu 2010 wote wenye jina hilo tunasajiliwa na baraza la wataalamu wa afya liitwalo HCPC. Kwetu sisi sheria imekaza zaidi: hailindi jina tu, inalinda na kazi yenyewe. Anayepima mtu kwa nia ya kumuuzia kifaa bila kusajiliwa anatenda kosa la jinai, ajiite atakavyo.

Basi mwombe kijana namba yake ya usajili. Ya kwetu huanza na herufi HAD. Ingia kwenye tovuti ya HCPC, andika jina lake, uone kama yumo. Ni bure, na ni kazi ya dakika mbili. Akianza kuzungukazunguka, mwonyeshe mlango.

Kuja nyumbani si kosa, nami huwaendea wazee wasioweza kutoka. Ninalotaka kujua ni kama alimchungulia masikio kwa taa kabla ya kumvalisha vipokea sauti vya masikioni. Wazee wangapi wameletwa kwangu wakiwa “viziwi”, kumbe sikio limejaa nta! Na je, alikuonyesha ile grafu ya kila sikio, akaieleza? Ama hilo punguzo la “leo tu”, mie silipendi hata kidogo. Usikivu wa mzee hautabadilika kufikia Ijumaa.

Na kwa nini pauni 3,200 kabla ya kumwona GP, daktari wenu wa kawaida? Kama Baba ana haki ya matibabu ya NHS, yaani huduma ya afya ya umma, vifaa atapewa bure kwa mkopo, na betri na matengenezo pia bure. Huenda akasubiri, na hatakuwa na mitindo mingi ya kuchagua. Huko hospitali utakuta wapimaji wasio kwenye daftari la HCPC. Usishtuke, wao hawamuuzii mtu kitu, na sheria haiwalazimishi.

Kwa mtoto, mambo ni tofauti kidogo. “Speech therapist” na “speech and language therapist”, yaani matabibu wa usemi na lugha, ni majina yanayolindwa, namba zao huanza na SL. Lakini hapo sheria inalinda jina, si kazi. Huyo “coach” anaweza kumfundisha mwanao kutwa nzima bila kuvunja sheria, mradi asijiite therapist. Simwambii mtu ni tapeli kabla sijamwona, ila kigugumizi cha miaka minne ningempelekea mwenye SL. Zungumza na GP au mwalimu akuandikie rufaa. Sehemu nyingi mzazi hupiga simu mwenyewe. Na Kiswahili msikiache nyumbani, lugha mbili hazileti kigugumizi.

Kijana akishampokea mzee pesa, kisha ukagundua hayumo kwenye daftari, liandikie HCPC. Tunza ile kadi.